Mlikuwa mkichemsha tu

Harusi ya Mwanaisha imepita salama, barua ya uhamisho wangu nayo imeshafika, lakini kilichonikaa rohoni wiki nzima ni maneno ya shemeji pale barazani.

Mnajua Baba alikuwa akifanya kazi rifainari, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, hadi mitambo iliposimama 2013. Shemeji, ambaye yuko Ruwais, Abu Dhabi, alikuwa akisimulia mtambo wao wa kuvunja mafuta mazito yawe petroli. Baba akasogeza kiti, akauliza kichocheo chao hudumu muda gani. Shemeji akamjibu, "Mzee, nyinyi hamkuwa na mtambo huo. Mlikuwa mkichemsha tu." Baba akasema, "Ndiyo hivyo, mwanangu." Akachukua kaimati, akairudisha sahanini.

Nimeyasikia maneno hayo nikisahihisha madaftari, nikiwa kwenye feri ya Likoni, nikikuna nazi. Kuchemsha tu! Na ule mtambo wa kupandisha okteni, kipimo cha ubora wa petroli, wenye kichocheo cha platinamu, ulikuwa wa kuchemshia nini? Kweli, wa kuvunjia hawakuwa nao, na mazito yaliyobaki chini ya mnara yaliuzwa vivyo hivyo, yakaenda kwenye meli na majenereta ya umeme. Lakini hayo ni ya kumwambia mzee mbele ya wageni? Na mafuta ghafi ya Murban waliyoyasafisha yalitoka huko huko Abu Dhabi.

Juzi usiku nikamkuta Baba na Salma sebuleni, shanga zimetapakaa mkekani. Alikuwa akimwonyesha molekuli ndefu ya kaboni inavyokatwa vipande. Mafuta ya moto, anamwambia, hukutana na unga laini wa zeolaiti, ndio kichocheo chenyewe, joto limepita nyuzi 500, na kwa sekunde chache tu mnyororo umevunjika. Unga hutoka umeshikwa na masizi, ukapelekwa kwenye chungu cha pili, ukapulizwa hewa, masizi yakaungua hadi karibu nyuzi 700. Joto la moto huo ndilo linalorudi na unga kuvunja mafuta mengine. Hapo akajipiga goti kwa raha. Akamtajia Houdry, yule Mfaransa aliyeanzisha mtambo wake mkubwa Marekani 1937, kisha Baton Rouge, huko huko Marekani, 1942, unga ulipoanza kutiririka wenyewe kama maji.

"Baba, haya yote umeyajulia wapi?"

"Shemeji yako. Nilimpigia asubuhi yake, tukazungumza mpaka salio likaisha. Kijana anajua kazi, mashaallah."

Nikacheka, macho yamenilenga machozi. Mimi shemeji bado sijamsamehe, lakini uso wa Baba usiku ule sijauona hivyo tangu 2013.

Bi Mkubwa naye mguu wa kushoto umevimba tena. Anasema ni uchovu wa harusi, na habari za daktari hataki kuzisikia. Kesho nitamwomba Mjomba azungumze naye, huyo labda atamsikiliza.