Nuru Isiyopita Dirishani

Tumsifu Yesu Kristo.

Somo la wiki hii ni Mathayo 9:9-13. Lisome pamoja na picha ya mchoraji Mwitalia Caravaggio, Wito wa Mtakatifu Mathayo, ya miaka ya 1599 na 1600. Ipo Roma, katika kanisa la San Luigi dei Francesi, ukuta wa kushoto wa kikanisa cha Contarelli, na kila upande wake unazidi mita 3.

Anza na dirisha lililo juu ya meza. Wengi hudhani nuru inaingilia hapo. Lizibe kwa kidole gumba: chumba hakipungukiwi kitu. Nuru inatoka kulia, nje ya picha, inapita juu ya kichwa cha Yesu na kushuka mshazari mpaka kwa watoza ushuru. Kanisani, kulia huko ndiko iliko altare, na dirisha halisi la kikanisa liko juu yake.

Ukiitazama kwenye simu, usiongeze mwangaza ili uone pembeni. Caravaggio alitandika kwanza rangi ya kahawia iliyokoza, akaiacha mahali pengi iwe ndiyo kivuli chenyewe. Ukiling'arisha giza hilo, mwali wa nuru nao unafifia, kwa kuwa hauna tena giza la kukata.

Sasa mtafute Bwana. Utahangaika kidogo: Petro amemkinga karibu mwili wote, kilichobaki ni sehemu ya uso na mkono. Aliyekuja na nuru amesimama upande wa kivuli! Mkono wake umefuata ule wa Adamu aliochora Michelangelo katika kikanisa cha Sistina. Mwenye kumbukumbu ya 1 Wakorintho 15:45, penye Adamu wa kwanza na Adamu wa mwisho, ataelewa.

Wapo wanaosema Mathayo ni kijana wa mwisho mezani. Sisi tunabaki na mwenye ndevu, maana katika picha nyingine mbili za kikanisa hicho Mathayo ana ndevu.

Lakini usimpite yule kijana haraka, wala mzee wa miwani aliyemwinamia. Nuru imewafikia hata wao. Mmoja anahesabu, mwingine amesogeza macho azione sarafu vizuri, na hakuna aliyeinua kichwa.

Malizia chini, kwenye miguu ya Yesu. Imekwisha kugeukia upande wa kutokea, na mkono wa kulia wa Mathayo bado uko mezani, penye fedha. Kaa hapo dakika 5 na neno moja tu: "Nifuate."