Betri ya taa ya Kibirizi

Mjomba wangu alikuwa akivua dagaa kwa taa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na betri yake ya asidi ilikuwa imechoka kiasi kwamba taa ilififia kabla ya wavu wa mwisho kuopolewa. Nilimwahidi betri ya lithiamu, iliyoundwa kwa seli za kompyuta mpakato mbovu, zile za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kazi niliianza mwezi ulipopevuka, wakati mitumbwi imepumzika, kwa kuwa taa haiwavuti dagaa ziwa lote likiwa jeupe kwa mbalamwezi.

Kuchambua seli ndiko kulikochukua muda, na kwangu mimi huko ndiko kutengeneza betri kwenyewe. Kila seli iliyosoma chini ya volti 2 niliikataa, kwa maana ikikaa tupu muda mrefu shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na siku inapochajiwa tena inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka. Zilizobaki nilizichaji hadi volti 4.2, juu ya sakafu tupu ya saruji, nikikaa nazo hadi zijae, kisha nikaziacha zitulie.

Mjomba alikuwa akipita jioni kuziangalia. “Mjomba, siku za giza zinakaribia, na hizi zote si zinasoma sawa?” aliniuliza, nami nilimwomba avumilie, kwani kusoma sawa siku ya kuchajiwa hakuthibitishi kitu. Kweli, baadaye baadhi zilikuwa zimeshuka hadi volti 4.0 bila kuguswa. Hizo nilizitenga, maana seli inayovujisha umeme huzinyonya zote zilizounganishwa nayo sambamba.

Zilibaki 21 nzuri, kila moja ikihifadhi takriban ampea-saa 2. Nilizipanga makundi matatu ya seli saba, makundi yakifuatana, nikapata volti 12.6 betri ikijaa na ampea-saa 14, chakula cha kutosha taa ya wati 10 usiku kucha. Vipande vya nikeli vya kuunganisha seli vilibanwa kwa mashine ya mpigo wa umeme, kwa sababu joto la kulehemu huiumiza seli, na juu yake nikafunga bodi ya kukata umeme kundi lolote likishuka au kuzidi mno. Chaja ya betri ya asidi, inayopanda kupita volti 14, niliichukua nikakaa nayo mwenyewe, nikampa inayokoma 12.6.

Asubuhi ya kwanza ya giza nilimkuta mwaloni akipakua dagaa. Nilimwamkia, akaitikia huku akinisogezea sanduku la betri. Nilipima kundi moja moja: 3.62, 3.61, 3.62.

“Taa haikufifia,” akasema, akauliza kama seli za kutosha taa ya pili zitapatikana.