Mzee Kingsley na wake zake, huku Florida

Ndugu wakija kunitembelea Jacksonville nawapeleka kisiwa cha Fort George, kwenye shamba la zamani la pamba la Zephaniah Kingsley. Kuingia ni bure, na habari za mzee huyu, Mswahili wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana.

Kingsley alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1765, akakulia Charleston. Kiapo kwake kilifuata biashara: aliapa utii kwa Marekani, kisha kwa Denmark, na mwaka 1803 kwa Hispania, iliyokuwa ikitawala Florida. Alifanya biashara ya watu. Mwaka 1806, huko Havana, alimnunua binti wa Kiwolofu kutoka Senegal, Anta Majigeen Ndiaye, mwenye miaka 13. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama mahaba. Wakifika hapo mimi husogea nikaangalie kitu kingine.

Mwaka 1811 alimwandikia hati ya uhuru, yeye na watoto watatu: George, Martha na Mary. Anna, kama alivyoitwa huku, akapata ardhi yake na, ndiyo, watumwa wake 12. Mwaka 1813 waasi walipoliingilia jimbo, Anna aliitia moto nyumba yake mwenyewe wasije wakaifanya ngome, na Wahispania wakamtuza ekari 350. Halafu wakaja wake wenza, Flora, Sarah na Munsilna, nao pia wakitoka utumwani.

Kwetu tungesema masuria. Pwani, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru, na mama hakuuzwa tena. Sayyid Majid na Sayyid Barghash wote wawili mama zao walikuwa masuria. Sheria ya Hispania nayo iliacha mlango wazi kidogo: mtumwa aliweza kukombolewa, akamiliki mali. Marekani ilipoichukua Florida mwaka 1821, mlango ukaanza kufungwa. Mwaka 1828 Kingsley aliandika kijitabu cha kutetea haki za weusi walio huru. Msimshangilie. Hoja yake ilikuwa kwamba wakitendewa vyema watasimama upande wa mabwana, na utumwa utadumu.

Hakusikilizwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830 aliihamishia familia Haiti, akafa New York mwaka 1843. Hapo dada yake, Martha McNeill, akaenda mahakamani ili Anna na wanawe wasipate kitu. (Binti wa Martha ndiye yule mama aliyechorwa na mwanawe, mchoraji Whistler, ameketi kitini kwa upande, picha iko Paris.) Anna alirudi Florida, akaisimamia kesi, akashinda. Alifariki mwaka 1870.

Lakini shambani mimi hukaa zaidi kwenye vibanda vya watumwa. Vilikuwa 32, vimepangwa nusu duara, na vingi kuta zake bado zimesimama. Huku walichoma maganda ya chaza kupata chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na maganda mengine, kama sisi Tanga tunavyochoma matumbawe. Kazi ilipimwa kwa ngwe. Aliyemaliza ngwe yake mapema alikwenda kulima bustani yake au kuvua samaki. Wengi wa watu wa Kingsley walitoka Calabar na Guinea, na wachache walitoka upande wa Zanzibar. Mara ya kwanza kusikia hayo nilimwomba mhifadhi arudie. Nani aliwapakia, na kwa bei gani? Najua jibu halimwachi salama babu wa mtu yeyote kule nyumbani.

Ukoo wa Anna haukuishia hapo. Kitukuu chake, Mary Sammis, aliolewa na Abraham Lincoln Lewis, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya bima ya weusi hapa Jacksonville mwaka 1901. Mwaka 1935 Lewis akaanzisha American Beach, kisiwani Amelia, wakati ambapo weusi walikatazwa fukwe nyingine. Kitukuu wa Lewis, MaVynee Betsch, aliacha kuimba opera Ujerumani, akarudi, akagawa mali yake karibu yote kwa ajili ya mazingira na kuulinda ufuo huo usinunuliwe na wajenzi wa mahoteli. Tuta kubwa la mchanga alilolipa jina NaNa liko sasa chini ya idara ileile inayotunza shamba la Kingsley.