Droo ya Mapokezi

"Shangazi, hapa kwenye 'uzoefu' niandike nini?"

Ujumbe wa mtoto wa kaka yangu uliingia jana usiku pamoja na wasifu wake wa ukurasa mmoja. Nikaanza kumwandikia ushauri wa kiutu uzima. Nikaufuta.

Nikaukumbuka mwaka wangu wa pili chuoni, ule wa viatu vilivyoachama soli. Barua ya utambulisho ya chuo ninayo, imegongwa muhuri. Pa kufanyia mafunzo kwa vitendo sina. Bila zile wiki 8 hakuna daftari la msimamizi kusaini, na bila daftari hakuna alama. Tangazo la ubaoni lilitaka mwanafunzi mwenye uzoefu wa miaka 2. (Aupatie wapi, tumboni mwa mama yake?) Nikazunguka na bahasha mpaka walinzi wakanizoea.

Ofisi ya mwisho nilimkuta mama mmoja mapokezi, simu sikioni. Akaipokea bahasha bila kuitazama, akavuta droo. Ikagoma. Akaivuta kwa mikono miwili, ikafunguka kwa kishindo: bahasha za kaki mpaka juu, kona zimekunjamana, nyingi hazijafunguliwa. Akaitupia yangu, akasukuma droo kwa goti. Haikufunga. Akaichomoa bahasha yangu, akaibananisha ubavuni, akasukuma tena.

"Mama, zote hizi za wanafunzi?"

"Za muhula huu tu, mwanangu. Na bosi anataka orodha Ijumaa. Nitaiandika saa ngapi, na simu hizi?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamwambia nitampangia. Akanitazama viatu, akasogeza kiti. "Zifungue tu."

Nikazipanga kwa kozi, kisha kwa tarehe ya kupokelewa. Bahasha ya nane au ya tisa, nikakutana na mwandiko wa mhadhiri wangu: "Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata mwanafunzi mwenye bidii kama huyu." Maneno yaleyale niliyokuwa nikiyasoma kitandani kabla ya kulala, mpaka nikayajua kwa moyo. Jina tu ndilo la mwingine. Nikayakuta tena. Na tena. Tulikuwa wanafunzi wasio na mfano, watano. Mmoja wetu, kijana mwenye ndevu zake ninayemfahamu vizuri, barua ilimwita "binti huyu".

Nilicheka mpaka mama akageuka. Halafu koo likakauka.

Kufika jioni rundo lilikuwa limenyooka. Kwa tarehe, yangu ilikuwa ya mwisho, na nikaiweka chini kabisa. Mama akaenda kufunga madirisha. Nikaichomoa, nikaiweka juu.

Nikapata. Kwanza kibarua cha alasiri 2 kwa wiki, siku nisizo na vipindi, kupanga mafaili kwa ujira mdogo. Likizo ilipofika, mafunzo yenyewe. Kama alinisemea yule mama au ni bahasha kukaa juu, hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuuliza. Yule "binti" mwenye ndevu hakupata popote. Ilibidi asubiri mwaka mzima. Tulipokutana ngazini alinipa mkono, akasema, "Hongera, wewe ulijituma." Nikasema asante.

Basi jana usiku nikamjibu mtoto wa kaka yangu: andika ulichokifanya kweli, hata kama ni kidogo.

Hazikupita dakika mbili. "Wewe uliandika nini, Shangazi?"

Anaona kwamba nimeusoma.