Slaidi 46 zilishindwa, fomu ya kurasa mbili ikaweza

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kupeleka suala la uendelevu mbele ya bodi ya kiwanda chetu nilikwenda na slaidi 46. Ya kwanza ilikuwa na dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Ya pili ilikuwa ile fasili ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987, ya kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi ya kwao. Nilipofika ya 9, mwenyekiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa huyu mnyama anataka tufanye nini?" Wakacheka. Nami nikacheka, ndani nimekufa. Ajenda iliyofuata ilikuwa pampu mbili mpya, wakapitisha za bei ya chini kuliko zote kabla sijamaliza kukunja nyaya zangu. Uamuzi mkubwa wa mazingira wa mwaka ule ulikuwa ndio huo, na mimi nilikuwepo, nimeinama chini ya meza.

Mshauri tuliyemlipa vizuri tu alikuwa ametuambia tuandike dira, tubandike mabango na tuunde kamati. Kamati ilikaa mara tatu. Kikao cha tatu tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa amekosea chumba.

Aliyeniokoa ni fundi mkuu. "Bosi, njoo siku kiwanda kimefungwa, usikilize." Nikaenda. Mashine zote kimya, lakini kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo kwenye mabomba, inajiwasha, inazima, inajiwasha tena. Inamjazia nani upepo? Tukakaa na saa mkononi: katika kila dakika kumi, ilifanya kazi kwa dakika tatu. Maana yake karibu asilimia 30 ya uwezo wake ilikuwa inavujia hewani, usiku na mchana, nasi tunaulipia umeme. Tukapita na ndoo ya povu la sabuni, tunapaka kila kiungio. Povu likichemka, tunafunga kitambaa chekundu. Vilifika 31, ukumbi ukawa kama umepambwa kwa harusi.

Vitambaa nikaviacha makusudi. Siku mbili baadaye nikamwomba mkurugenzi wa fedha aje "kuangalia mlango mbovu wa stoo". Mtu huyu alisinzia mbele ya dubu wangu, lakini vitambaa alivihesabu mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kidole. "Kila kimoja kinatula kiasi gani kwa mwezi?" Matengenezo yalikuwa mipira na viungio tu, pesa isiyofaa hata kutajwa.

Chuma kikiwa bado cha moto, nikaomba jambo moja: fomu ya kuombea mtaji iongezwe ukurasa wa pili. Humo uandike umeme, mafuta, maji na taka za hicho kifaa kwa maisha yake yote, halafu tani za kaboni zikizidishwa kwa bei ya kivuli, yaani bei ambayo hakuna anayeilipa ila inaingia kwenye hesabu. Bei hiyo tuliigombania wiki kadhaa. Mimi nilishikilia kwamba kama haiwezi kupindua hata uamuzi mmoja, basi ni pambo. Saini iwe ya mkurugenzi wa fedha. Ingekuwa yangu, ingeonekana ni mambo ya yule wa dubu.

Pampu ziliporudi mezani, zamu hii za laini nyingine, mkuu wa ununuzi alikuja juu kwamba zenye kidhibiti kasi ni ghali mno. Nikanyamaza, ukurasa wa pili ukasema. Pampu ya kusukuma maji kwenye mzunguko ukiipunguza kasi kwa moja ya tano, umeme inaokula unashuka karibu nusu. Na kwa mota isiyolala, bei ya dukani ni chembe ukilinganisha na bili zake. Mjumbe mmoja akakwama kwenye hesabu ya kaboni ya dizeli: "Lita haifiki hata kilo, itatoaje kilo 2.7 za kaboni dioksidi?" Nikamwambia uzito uliobaki ni oksijeni inayochukuliwa hewani. Akaandika kwenye daftari lake. Nilifurahi siku nzima.

Viwango vya IFRS S1 na S2, vya kimataifa vya kampuni kutoa taarifa za uendelevu na tabianchi, vilipotoka Juni 2023, washauri walianza kupiga simu tena. S2 inauliza, pamoja na mengine, hatari za tabianchi zinaingiaje kwenye mkakati. Fomu zilikuwepo, mafaili mawili.

Kwa wasambazaji bado natoka jasho, dodoso zangu zinarudi zimejaa sufuri. Na mameneja nao wamejanjaruka. Juzi mmoja aliombea lori, ukurasa wa pili mafuta yake ni kidogo kiasi kwamba labda litakuwa linateremka mlima kwenda na kurudi. Sasa nadai wabandike risiti za mafuta za lori la zamani.