Kapu la siku tatu hapa Leicester

Trussell, mtandao mkubwa kuliko yote wa benki za chakula hapa Uingereza, yaani vituo vya hisani vinavyowapa chakula bure walioishiwa, uligawa karibu vifurushi vya chakula milioni 2.9 kati ya Aprili 2024 na Machi 2025, na zaidi ya milioni 1 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto. Nilipomtajia shangazi yangu wa Muheza hesabu hiyo kwenye simu, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Wazungu nao wanalala njaa, mwanangu?" Wanalala, shangazi. Na si Wazungu peke yao.

Njaa ya hapa haionekani barabarani. Mtu ana nyumba ya matofali, ana simu, mara nyingi ana kazi, lakini kodi ya nyumba imemeza mshahara. Wapangaji wengi wa kipato cha chini wana mita za umeme za kulipia kabla, kama LUKU yetu, na za gesi hivyo hivyo. Salio likiisha, jiko limezimika na kipasha joto kimezimika, na ni Januari. Aliyepoteza kazi akaomba Universal Credit, posho kuu ya serikali, husubiri wiki tano hadi malipo ya kwanza. Anaweza kukopeshwa sehemu mapema, ila mkopo huo hukatwa kwenye posho ya miezi inayofuata, kwa hiyo zile wiki tano zinamwandama muda mrefu baada ya kwisha.

Mimi najitolea kwenye benki moja ya chakula hapa Leicester, siku ambazo sina zamu hospitalini. Naandika kwa sababu Waswahili wengi tunaoishi huku tunapita mbele ya milango ya namna hiyo bila kujua kinachofanyika ndani, na baadhi yetu wanaohitaji kuingia wanaogopa.

Kwetu mtu haji tu akachukua. Anakuja na vocha, siku hizi nyingi ni za kwenye simu, aliyopewa na mtu anayemfahamu kwa kazi yake: daktari, mwalimu wa mtoto, afisa wa ustawi wa jamii, au washauri wa Citizens Advice, shirika la hisani linaloshauri watu bure. Vocha inasema kaya ina watu wangapi, na sisi tunajaza kapu la chakula cha siku tatu kulingana na idadi hiyo. Wakati kapu linajazwa nyuma, mgeni anakaa mezani, anapewa chai na biskuti, na mmoja wetu anakaa naye. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kupanga makopo anaweza kila mtu, lakini kukaa na mtu mzima mwenye aibu ya kuomba, ukamfanya ajione mgeni na si mwombaji, kunataka adabu, na adabu hiyo sisi tumelelewa nayo. Tunajua kumkaribisha mtu kabla ya kumuuliza shida yake. Tunajua kutomtazama usoni anapofuta machozi.

Maswali yanaulizwa kwa upole lakini hayaachwi. Una jiko? Lina gesi? Kuna anayekula halali, kuna mwenye kisukari? Tuna kapu maalumu la mtu asiye na kitu cha kupikia ila birika la umeme: supu za unga, uji wa pakiti, tambi za kulowekwa kwa maji ya moto. Na lipo la asiyeweza hata kuchemsha maji. Nilipoonyeshwa rafu hizo mara ya kwanza nilisimama pale muda mrefu. Ina maana wanakuja wengi kiasi cha kutengewa rafu yao.

Siku moja alikuja dada mmoja akiwa bado na sare ya kazi ya kutunza wazee. Alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, koti hakuvua. Nilimjua kwa lafudhi yake, nikamwambia polepole, "Karibu, dada. Pole na kazi." Aliinamisha kichwa. Baada ya chai kufika nusu ndipo aliponiuliza, kwa sauti ambayo hata jirani wa meza asingeisikia, "Dada, hiki chakula kitaandikwa kwenye viza yangu?" Kampuni iliyomleta ilikuwa imempunguzia saa za kazi hadi karibu hamna kitu. Watoto wawili walikuwa nyumbani. Na alikuwa amekaa na vocha ile siku kadhaa bila kuitumia, kwa sababu mtu fulani kanisani alimwambia kwamba akichukua chakula cha bure atakataliwa viza ijayo.

Hili ndilo ninalotaka lifike mbali, nawaombeni mlisambaze. Wengi wetu tuna viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma. Fedha za umma zinazokatazwa zimeorodheshwa katika kanuni za uhamiaji, na ni posho za serikali na nyumba za halmashauri: Universal Credit, posho ya mtoto, posho ya nyumba na nyingine za aina hiyo. Chakula cha shirika la hisani hakimo. Benki ya chakula si serikali. Ukichukua kapu hujavunja sharti lolote la viza. Shule ya mtoto nayo haimo kwenye orodha hiyo, wala matibabu ya NHS, huduma ya afya ya umma. Hata chakula cha bure cha shuleni hapa England kimefunguliwa tangu 2022 kwa watoto wa kaya zenye sharti hilo, kipato kikiwa chini ya kiwango kilichowekwa. Mwulize mwalimu. Anayekuambia vinginevyo labda anakutakia mema, lakini watoto wako wanalala na njaa kwa sababu ya uvumi.

Yule dada simtaji, wala sitaji anakotoka. Aliondoka na mifuko minne, na mwenzetu mmoja akampeleka kwa gari hadi nyumbani.

Kwenye jumuiya yetu swali huwa lile lile: kwa nini tuchangie hapa, wakati nyumbani kuna msiba, kuna ada, kuna mgonjwa anasubiri? Ni swali la haki. Kila mwezi natuma Tanga, na sijaacha. Lakini natamani wanaouliza wajue Trussell ilivyoanza. Paddy na Carol Henderson waliianzisha 1997 kusaidia watoto waliokuwa wakilala kwenye stesheni ya treni kule Bulgaria. Walipokuwa wakichangisha kwa ajili ya Bulgaria, mama mmoja wa mjini kwao, Salisbury, akawapigia simu: na mimi ambaye wanangu wanalala na njaa hapa hapa, mnanisaidiaje? Walichunguza, wakakuta hakuwa peke yake, na mwaka 2000 benki ya chakula ya kwanza ikaanzia kwao, kwenye banda la bustani. Hakuna aliyewaambia waache ya mbali ili wafanye ya karibu. Walipanua mkono. Sisi tunatoa mbali, na karibu hatuonekani. Mtoto wa huyo dada mwenye sare anasoma darasa moja na watoto wetu.

Basi mwaka jana jumuiya ikakubali kufanya shughuli ya kuichangia benki ya chakula. Hapo Waswahili hatufundishwi na mtu. Kamati ilipatikana kikao cha kwanza: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Ukumbi tulikodi wa kanisa, nyama tukanunua ya halali ili asibaki mtu, na akina mama wa Kikenya, Kitanzania na Kikongo wakagawana masufuria. Pilau, kachumbari, sambusa, mandazi. Mbele ya kila sufuria tuliweka karatasi ya kueleza kilichomo, ngano, maziwa, karanga, kwa sababu watu wa hapa wana mizio mikali na wanauliza. Wajomba walikaa mlangoni na tiketi. Walikuja majirani wa Kipolandi, walimu wa shule ya mtaa, vijana wa msikitini, na wafanyakazi wenzangu wa wodini ambao hadi leo wananidai resipe ya pilau.

Kwenye grupu la WhatsApp listi ilikuwa inapanda kila jioni: jina, ahadi, kilichotolewa, tiki ya kijani. Wapo wasioipenda. Mzee mmoja alitoa zaidi ya wote kwa sharti kwamba asiandikwe, akatukumbusha kwamba dini zote mbili zinatufundisha mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Tulimheshimu, hakuandikwa. Lakini mimi listi naitetea. Jina la jirani likiwa na tiki, ahadi yako haiwezi kulala, na pesa inayoonekana na kila mtu haipotei njiani.

Kwa upande wa shirika, uangalifu wa pesa ulinifurahisha sana. Ndoo za mchango zina kifuniko chenye lakiri. Hufungui peke yako. Wanahesabu wawili wasio ndugu, wote wanatia saini. Kuchangisha barabarani kunataka kibali cha halmashauri, na mlangoni mwa supamaketi kunataka ruhusa ya wenye duka. Mashirika ya hisani ya England na Wales husimamiwa na Charity Commission, na yeyote anaweza kuingia kwenye sajili yake akaona shirika limepata kiasi gani na limetumia kiasi gani. Kabla hujatoa hata pauni moja, kwa shirika lolote, litazame humo kwanza.

Kuna jambo la kodi ambalo linatupita wengi. Linaitwa Gift Aid. Ukitoa mchango na wewe ni mlipa kodi, ukijaza fomu fupi ya jina na anwani, shirika hurudishiwa na mamlaka ya kodi senti 25 kwa kila pauni uliyotoa. Wewe huongezi kitu, ni kodi uliyokwisha kulipa. Tiketi ya pilau haihesabiki, maana umekula, lakini pesa uliyotia ndooni bila kupewa kitu inahesabika. Watu wetu wakiona fomu yenye neno kodi wanarudi nyuma. Msirudi nyuma. Mshahara wenu umekwisha katwa tayari.

Na mwenye uwezo wa kuchagua, nitamwomba pauni tano za kila mwezi zinazotoka benki zenyewe kuliko hamsini za siku ya shughuli. Chakula huletwa bure, lakini ghala lina kodi ya pango, gari lina mafuta, na friji zinakula umeme Februari, mwezi ambao hakuna anayekumbuka kuchanga. Krismasi watu wanajaza rafu. Baada ya hapo zinakauka.

Mwenzangu wa kupanga makopo ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Kazi yetu ni moja: kila kinacholetwa kinapimwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, kisha tunatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi na kuiandika upya kwa kalamu nene, mwezi na mwaka, ili kinachowahi kuisha kitoke kwanza. Yeye macho yamechoka, mimi namsomea tarehe, yeye anaandika, na tunazungumza Kiswahili chake cha dukani kwa baba yake. Alifika hapa akiwa msichana mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Septemba ya mwaka huo manispaa ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mji huu. Walikuja hata hivyo, kwa maelfu, na leo huwezi kuufikiria mji huu bila wao. Familia yake ilipitia kwanza kambi ya Stradishall, kiwanja cha zamani cha ndege za kijeshi huko Suffolk, na anachokumbuka zaidi ni wanawake wa kujitolea waliokuwa wakigawa nguo za baridi. "Koti lilikuwa kubwa," aliniambia, "lakini yule mama alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni, kama mimi mtoto wake." Anakuja kila wiki, mvua au theluji.

Kujitolea hakuhitaji makubwa. Unajaza fomu, unaombwa watu wawili wa kukudhamini, unafundishwa usafi wa chakula na namna ya kutunza siri za watu. Kwa kazi zinazogusa watoto au watu dhaifu unaweza kukaguliwa kumbukumbu za polisi. Hata anayesubiri uamuzi wa ombi lake la ukimbizi anaruhusiwa kujitolea katika shirika la hisani, na tunao wenzetu wa hivyo. Mmoja wao, kijana wa Kikongo, ndiye anayeendesha ghala siku nyingi. Anazungumza Kifaransa, Kilingala na Kiswahili, na wageni wakiwa na lugha hizo tunamwita mezani. Hakuna mashine ya kutafsiri inayofanya mtu avue koti akae vizuri kama kusikia lugha yake.

Novemba tunasimama tena mlangoni mwa supamaketi na vikaratasi vya vitu vinavyohitajika. Aliye Leicester na ana saa mbili, aje, nafasi zipo za asubuhi na za jioni. Asiyeweza kuja, atie kitu kwenye sanduku la mchango lililo karibu na mlango wa kutokea, na kwa vyovyote kiwe na tarehe ndefu. Tunapungukiwa mchele, mafuta ya kupikia, samaki wa kopo, maziwa ya pakiti yasiyotaka friji, taulo za kike, na nepi za watoto wakubwa, saizi ya 5 na 6. Tambi na maharage ya kopo tunayo ya kutosha hadi Pasaka.