Fumua

Jumamosi nilimkalisha kitinda mimba wangu katikati ya magoti, namfumua nywele, akaniuliza: "Mama, kwa nini tunasema kufumua, si kufungua?" Kitana kikasimama mkononi. Neno hilo mimi nilikabidhiwa na Shangazi, barazani kwake Ngamiani, Tanga.

Nilifika kwake baada ya kidato cha nne, aliponiita nijifunze kushona. Mwezi wa tatu akaniachia sketi ya shule niishone peke yangu, ya marinda, mwenyewe angeifuata asubuhi. Saa nne usiku nikaiinua kwenye mwanga wa chemli: nusu ya marinda yamelalia kulia, nusu kushoto, kiuno kimepinda.

Shangazi akapitisha kidole gumba juu ya mshono.

"Fumua."

Akanipa nusu ya wembe. Aliyewahi kufumua anaijua kazi ile. Unatanua vitambaa viwili mpaka uzi uonekane, unakata mmoja, unaruka mitatu, unakata tena, kisha unavuta na mshono wa saa nzima unatoka kama nywele ndefu. Nyuzi zilijaa kwenye kanga yangu. Machozi yakanitoka, nikamwambia: "Hukuniita hapa nijifunze. Uliniita nikufanyie kazi bure."

Hakujibu. Alivuta kigoda, akashika upande wa pili wa sketi, akaanza kufumua kuja kwangu. Tulipokaribia kukutana ndipo aliposema, taratibu, bila kuniangalia: "Kufunga kuna kufungua, mwanangu. Kukunja kuna kukunjua. Kuanika kuna kuanua."

Adhana ya alfajiri ilitukuta sketi iko tayari. Matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, akayanyunyizia maji na kuyapitishia pasi ya mkaa, mengi yakafumba.

Baadaye vitabuni nilikuta jina lake: kauli ya kutendua. Kiambishi kidogo tu, -u- au -o-, kinageuza tendo lirudi lilikotoka: panga, pangua, choma, chomoa. Kushona nako kuna kushonoa, lakini kwa Shangazi sikulisikia hata siku moja. Pale tulisema fumua, neno lililozaliwa na kufuma. Magazeti nayo huandika kwamba Rais amefumua Baraza la Mawaziri, na kila nikisoma naona nyuzi kwenye kanga. Kwangu hilo ndilo neno la kuanza upya, kwa sababu anayefumua hajatupa kitambaa.

Nilimweleza mtoto hivyo, kwa kifupi. Akaupenda mchezo, akawa anajaribu kila kitendo: ziba, zibua, tega, tegua. Halafu akauliza, "Na kusema, Mama? Kusema kuna nini?"

Shangazi yupo bado, siku hizi tundu la sindano halioni tena. Maneno yangu ya usiku ule hatujawahi kuyataja, yeye wala mimi.

"Inamisha kichwa," nikamwambia mtoto, nikashika msuko mwingine.